Kabla Hujamwita Kilaza

Shikamooni wazee wangu. Walimu wenzangu, habari za kazi. Muda ni mfupi, utangulizi tuuache.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la pili hapa Chamwino, Dodoma. Mbuzi wote wa babu yake aliwajua mmoja mmoja, yupi kamzaa yupi. Siku moja nikamwambia asome. Akaanza: "Mama anapika ugali. Baba anapalilia mtama." Hakukwama hata kidogo. Nikatazama kidole chake: mdomo umefika "mtama", kidole bado kiko kwenye "mama". Nikafunika picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja tu, "ugali". Akasema u... u... Jasho likamtoka puani. Ukurasa mzima alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake! Mtoto mwenye kumbukumbu ya namna hiyo ndiye tunayemwita kilaza. Na wiki moja kabla nilikuwa nimemchapa kwa uvivu. Mimi mwenyewe.

Hiyo ndiyo disleksia. Si laana, si upungufu wa akili. Ubongo unapata taabu kuoanisha herufi na sauti, na mara nyingi hali hii hupita katika ukoo. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyeshindwa kusoma. Mwalimu wake alisema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo, angewapita wote shuleni. Mwaka 1896, jamani, na sisi bado tunashika fimbo!

Mtaniambia, "Mwalimu, Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kinamshindaje mtu?" Hapo ndipo tunapopotea. Kwa kuwa "ba" ni "ba" popote, mtoto huyu anakokota silabi mpaka anafika. Hakosei sana, anachelewa. "Wa-na-o-tu-fu-ndi-sha": akifika "sha", ile "wa" imeshamtoka. Tunaandika "anasoma polepole", anapanda darasa. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, herufi ileile hapa inatamkwa hivi, pale vile, na anaanguka kabisa. Wengine wanasingizia lugha ya nyumbani, Kigogo. Hapana! Wenzake wa Kigogo hichohicho, wakishakizoea Kiswahili, wanasoma.

"Nina watoto themanini darasani." Najua, ninao pia. Lakini kumsomea mtoto swali akajibu kwa mdomo kunachukua dakika ngapi? Akijibu sawasawa, na kwenye karatasi hakuna kitu, umeshapata pa kuanzia. Apimwe macho na masikio kwanza. Kisha mfundishe sauti moja moja, aandike herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka. "b" na "d" usizifundishe siku moja. Na msimsimamishe asome mbele ya wenzake, nawaomba sana.

Ya watoto wanaoshindwa na hesabu nilikuwa nimeyaandaa, sitayafikia leo. Kuna mama pale nyuma amenyoosha mkono muda mrefu. Karibu mama, mwanao yuko darasa la ngapi?