Ubao mmoja, waya mmoja wa kutoka: kumwandaa mpiga gita kwa ziara

Jambo yenu bandugu, karibuni. Leo iko mezani kazi ninayoipenda kuliko zote hapa Katuba, Lubumbashi: kumfungia mpiga gita safari, yaani kupunguza na kupanga vifaa vyake vya sauti. Ubao huu wa pedali, vile vidude vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gita, ni wa yaya mmoja, yaani kaka yetu, anayepiga solo, gita la kuongoza, katika okestra ya hapa mjini. Wanaanza na Likasi, wanapanda hadi Kolwezi, kisha wanarudi na kuvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Kitwe na Ndola, Zambia. Mdogo wangu, zungusha simu waone. Pedali kumi. Adapta tano kwenye ralonji moja, ile kebo ya kurefusha umeme. Na pale nyuma ampli ya lampu, yaani kikuza sauti cha vali za kioo, Fender Twin Reverb, wati 85, karibu kilo 29. Gari lao litabeba watu, ngoma, kinanda na mizigo ya wacheza dansi. Hiyo ampli inakula nafasi ya mtu mzima.

Tukimaliza, yaya jukwaani atachomeka vitu vitatu basi: umeme unaoingia, gita linaloingia, sauti inayotoka. Kila tutakachofanya leo kinaelekea hapo.

Tuanze na kuchagua. Yaya, nipe ile karatasi ya nyimbo. Nilimwomba aandike mbele ya kila wimbo pedali anazokanyaga kweli, si zile anazozipenda. Tazameni: wawa, wimbo mmoja. Fleja, hakuna. Fayza, wimbo mmoja, tena sehemu ya kuanzia tu. Dilei ya pili, hakuna. Hizo zinabaki nyumbani. Riveba, ule mwangwi wa ukumbi, nayo inabaki nyumbani, maana fundi wa sauti anayo kwenye miksa yake, mashine ya kuchanganya sauti, na ukumbi wenye kuta za matofali na bati juu unakupa riveba hata usipoitaka.

Zinazosafiri ni tano. Tyuna ya kupatanisha nyuzi, kompresa, ovadraivu ya kukwaruza sauti, korasi ya kuinenepesha, dilei ya kurudia noti. Kompresa sikubali iondolewe, hata mkiniandikia chini ya video. Kwenye sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, solo anapanda kwenye nyuzi nyembamba, anapiga haraka, noti nyingine inatoka kubwa na nyingine inamezwa na besi. Kompresa inazisawazisha, kila noti inasikika hadi kwa mama anayeuza vinywaji mlangoni. Ovadraivu ningeweza kuiacha, lakini yaya anapiga pia kanisani, na huko wanapenda gita lilie kidogo.

Watu husema pedali chache ni umaskini wa sauti. Mzee Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa hapa Katanga, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, mwaka 1952, alikuwa na gita kavu, kidole gumba na kidole cha shahada. Hadi leo wapiga gita wanakaa chini kuchambua vile vidole vilivyokuwa vinatembea. Tuendelee.

Sasa ampli. Mahali pake tunaweka hii pedali ndogo ya kuigiza ampli na spika yake. Ziko za bei zote. Tech 21 ya New York ilitoa SansAmp mwaka 1989, na siku hizi hata Joyo za kutoka China zinafanya kazi nzuri kwa pesa ya wastani. Unaiweka mwisho wa mnyororo, baada ya dilei, na sauti inakwenda moja kwa moja kwenye miksa. Ile sehemu ya kuigiza spika ndiyo muhimu. Gita la umeme likiingia kwenye miksa bila kupita kwenye spika, au kitu kinachoiigiza, ovadraivu inalia kama nyuki ndani ya kopo.

Mkikuta ampli ukumbini, tuseme Roland JC-120, ambayo iko katika kumbi nyingi duniani, zimeni uigizaji wa spika, chomekeni kwenye chaneli safi, pigeni. Spika mbili zikifuatana, moja ya kuigiza na moja ya kweli, sauti inakuwa na matope. Na tafadhali, tundu la nyuma ya ampli lililoandikwa spika lisiunganishwe na miksa kamwe. Ampli ya lampu nayo isiwashwe bila spika yake, transfoma ya kutolea inaungua.

Kutoka kwenye pedali hadi miksa ni mbali, wakati mwingine mita 30. Kebo ya gita ya kawaida ikivuka mita sita hivi inaanza kupoteza sauti kali na kuokota kelele za taa. Kwa hiyo naweka hiki kiboksi, DI. Kinabadilisha ishara ili ipite kwenye kebo ya maikrofoni ya pini tatu, na hiyo inasafiri mbali bila shida. Hiki ni cha transfoma, hakihitaji umeme wowote. Hapa pembeni kuna swichi ya kukata athi, waya wa ardhini, ya ishara. Mkisikia ule mlio wa mmm usiokoma, igeuzeni hiyo kwanza kabla hamjaanza kulaumiana.

Umeme. Hapa nitakwenda polepole, na nitarudia maneno.

Adapta zote tano tunazitoa. Tunaweka kisambaza umeme kimoja chenye matundu yaliyotengwa, kila tundu na mkondo wake, ili kelele ya dilei ya dijitali isiingie kwenye kompresa. Someni mgongoni: kuingia volti 100 hadi 240. Hiyo ndiyo tunayotaka. Kwetu ni volti 220, Zambia ni 230, herzi 50 pande zote mbili. Mkinunua kitu cha mitumba kutoka Marekani kilichoandikwa 120 peke yake, kitakufa siku ya kwanza. Na prizi, yaani soketi, za Zambia ni za matundu matatu bapa, kama za Uingereza, kwa hiyo kibadilishio kinaingia kwenye begi leo, msingoje mpakani.

Sasa mdogo wangu, leta simu karibu kabisa. Karibu zaidi. Mnaona kialama hiki juu ya tundu la pedali? Duara lililokatika, nukta katikati, na mstari unaotoka kwenye nukta kwenda kwenye alama ya kutoa. Maana yake hasi iko katikati, chanya iko nje. Pedali nyingi za volti 9 ziko hivyo. Nyingi, si zote. Tazameni kila moja. Zile adapta za soko zenye kidude cha kusogeza kutoka volti 3 hadi 12, na ncha unayoweza kuigeuza, ndizo zinazoua pedali hapa mjini. Mtu anaigeuza ncha ili awashe redio, anasahau, jioni anachomeka dilei yake. Haitoi moshi wala harufu, inanyamaza tu.

Kwa hiyo: hasi katikati, volti 9. Yaya, sema na wewe. Hasi katikati, volti 9.

Kisha tazameni miliampea, yaani mkondo ambao kila pedali inakula. Tyuna hii imeandikwa 30, kompresa 10, ovadraivu 10, korasi 20, dilei 100, pedali ya ampli 20. Kila tundu la kisambazaji lina kipimo chake, hapa 100, na hapa moja la 300. Dilei naipeleka kwenye 300 ipumue, kwa sababu nikiibana inawaka na kuzima peke yake, na mtu anadhani imeharibika.

Kupanga pedali ubaoni ni rahisi, nitaharakisha. Velkro laini kwenye ubao, ya kukwaruza chini ya pedali. Gita linaingia kulia: tyuna, kompresa, ovadraivu, korasi, dilei, ampli, DI. Ile unayoikanyaga sana iwe mstari wa mbele. Basi.

Kabla ya kuchomeka nyaya za umeme, nani anakumbuka? Hasi katikati. Naangalia tena, moja, moja, moja. Haya.

Tunawasha. Taa zote zinawaka. Yaya, piga.

Hakuna kitu. Mdogo wangu, usizime simu, acha waone, maana hii itawakuta Kolwezi saa mbili usiku watu wameshajaa. Taa zinawaka, kwa hiyo umeme upo. Msichomoe ovyo. Gaweni mnyororo katikati. Natoa kebo inayotoka kwenye ovadraivu, naipeleka moja kwa moja kwenye DI. Yaya? Inasikika. Basi nusu ya kwanza ni nzima. Sasa nairudisha, natoka kwenye korasi kwenda DI. Inasikika. Natoka kwenye dilei. Kimya. Ni dilei, au ni kebo fupi iliyo kati ya korasi na dilei. Nabadilisha kebo. Piga. Hiyo! Ni kebo.

Tuifungue, huwa napenda kuona. Nafungua kifuniko cha jaki, ile ncha ya kuchomeka. Leteni mwanga. Angalieni pale, unywele mmoja wa shaba umetoka kwenye msuko wa nje, umepita juu ya plastiki, umegusa waya wa katikati. Unywele mmoja tu, mwembamba kuliko uzi wa kushonea, umeipeleka ishara yote kwenye athi. Aliyeilehemu kiwandani hakuisokota ile shaba ya nje kabla ya kuweka risasi. Ninyi mkilehemu, sokoteni kwanza nywele zote ziwe kamba moja, pakeni risasi, ndipo mkate ziada. Mimi kebo zangu fupi ninazouza hapa nazifanya hivyo, na kila moja napima na mita ya umeme kabla haijatoka.

Ah, umeme umekatika. Sawa, hata hii ni sehemu ya somo. Mnaona kebo hii ya kutoka kwenye benki ya umeme ya simu? Ina kipandishio ndani, inachukua volti 5, inatoa 9. Naingiza kwenye tyuna na pedali ya ampli peke yake, nyingine naziruka. Yaya, piga taratibu. Inasikika kwenye spika ndogo ya betri. Kebo hii ikae mfukoni mwa begi siku zote, pamoja na kebo fupi moja ya akiba, kebo ya gita ya mita sita na seti mbili za nyuzi.

Na kuhusu jenereta: likishawaka, ngojeni. Pimeni volti za prizi kwa mita ya umeme. Kati ya 210 na 240 chomekeni, ikisoma 260 msichomeke, mwiteni mwenye jenereta apunguze. Ombeni pia prizi ya ubao wenu itoke mahali pamoja na ya miksa, ule mlio wa mmm utapungua sana.

Umeme umerudi. Mwisho, alama. Kalamu nyeupe, kamstari kwenye kila kitufe cha kuzungusha pale kinapopaswa kuelekea. Dilei ya yaya tumeiweka karibu milisekunde 350, marudio mawili, chini ya sauti ya gita. Kwenye vumbi la msimu wa kiangazi, ubao ufungwe kwenye plastiki kabla ya begi, vumbi jekundu linaingia kwenye vitufe na kuvifanya vikwaruze.

Mkifika ukumbini, mwombeni fundi wa sauti afunge chaneli kwanza, chomekeni, kisha afungue. Mpigieni wimbo wenye ovadraivu kabla ya ule laini, apange kiwango kwa sauti kubwa mliyo nayo. Na mwambieni awawekee gita kwenye spika ya jukwaani, kwa sababu nyuma yenu hakuna ampli tena.

Kebo fupi ziko hapa Katuba, za sentimita 15 na 30. Anayetaka urefu mwingine aje na ubao wake, tupime pamoja. Aksanti sana bandugu. Yaya, sasa tupigie sebene yote.