Dai ya kukalishia kichwa cha risasi: kuichagua na kuiseti

Haya jamani, karibuni, vuteni viti mbele maana vitu vya leo ni vidogo na aliyekaa nyuma hataona kitu. Wengi wenu mnawinda kulungu kila msimu na mmekuwa mnaniuliza habari ya kujaza risasi wenyewe nyumbani. Hapa Marekani ukijaza kwa matumizi yako sheria ya serikali kuu haikudai leseni, ukianza kuuza ndo leseni inahitajika, halafu kila jimbo lina mambo yake so angalieni ya kwenu. Na wale mnaowaza kupakia presi, hii mashine ya mkono ya kujazia risasi, kwenye kontena kupeleka Tanzania au Kenya, msithubutu kabla hamjauliza mamlaka, kule sheria za silaha ni kali.

Baruti siigusi leo. Kipimo chake unakitoa kwenye kitabu cha kujazia, basi, sio kwa rafiki. Leo ni dai ya kukalishia tu, hiki kifaa cha chuma kinachofungwa kwenye presi, na nikisema kichwa naongelea ile sehemu inayotoka mtutuni, ganda ni ile shaba inayobaki.

Kazi ya hii dai ni kusukuma kichwa kiingie kwenye shingo ya ganda mpaka kina unachotaka na kikae kimenyooka. Ila ina sehemu mbili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna mwili, hili bomba lenye hesi kwa nje linaloingia kwenye presi, na kuna stemu, hii skrubu inayoshuka katikati. Stemu inabadilisha kina peke yake. Mwili ukiuzungusha unabadilisha vyote viwili kwa mpigo, kina na krimpu, yaani kukaza mdomo wa ganda ukishike kichwa, maana ndani ya mwili kuna kidato kidogo kinachobana mdomo wa ganda ukiushusha sana. Karibu kila tatizo ninaloletewa, mara bega la ganda limevimba, mara risasi haiingii chemba, pale inapokaa ndani ya bunduki, ukifuatilia unakuta mtu kashika mwili wakati alitakiwa kushika stemu.

Tena hesabu yake iko wazi. Hesi ya dai za kawaida ni 7/8-14, yaani hesi 14 kwa inchi moja, ndo maana dai za kampuni za RCBS, Lee, Redding, Hornady na Forster zote zinaingia presi moja. Duru nzima ya mwili ni kama milimita 1.8, robo duru karibu nusu milimita. Kwa fundi wa mageti nusu milimita sio kitu, kwa risasi ni nyingi mno.

Sasa ununue ipi? Mimi naanzia kwenye bunduki na kichwa, bei inakuja baadaye. Unawinda na raifo ya bolti ya saizi ya .308, unapiga kulungu mita mia, mia na hamsini, dai ya kawaida ya RCBS au Lee inakutosha kabisa na usidanganywe na mtu. Za Hornady zina kikombe kinachoshuka kukishika kichwa kabla hakijasukumwa, kizuri kwa mwenye vidole vinene. Kama unapiga shabaha mbali na unabadilisha kina mara kwa mara, hapo dai ya maikromita, yenye kipimo cha mistari juu ya stemu, ya Redding au Forster inalipa pesa yake, kila mstari ni inchi 0.001, unaandika namba kwenye daftari kesho unairudia, na ganda zima linaingia kwenye bomba la ndani linaloteleza kwa hiyo kichwa na ganda vinanyooshwa pamoja kabla ya kukutana. Lakini angalieni, hizo za maikromita za raifo hazifanyi krimpu, na Redding wenyewe wanasema usizitumie pale baruti imejaa mpaka kichwa kinaikandamiza. Mtu ananunua ghali halafu bunduki yake ni ya leva, ile ya kuvuta mpini wa chini kuingiza risasi, ya .30-30, inayotaka krimpu, kapoteza hela.

Kuseti, sogeeni muone. Nachukua ganda lililoshapitishwa kwenye dai ya kurudisha saizi, halina praima, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, halina baruti, tunatengeneza risasi ya mfano tu. Stemu naipandisha juu kabisa. Ganda napandisha mpaka mwisho wa presi, halafu nashusha mwili kwa mkono, taratibu, taratibu... hapo. Mmesikia ilivyogoma? Kidato kimegusa mdomo wa ganda. Hatufanyi krimpu kwa hiyo narudisha mwili juu duru moja nzima, nafunga nati, na kuanzia hapa mwili haugusi mtu tena. Naweka kichwa juu ya shingo, navuta mkono wa presi, stemu bado iko mbali haijafanya kitu, nashusha stemu kidogo, navuta, napima, nashusha tena. Huwezi kukosea kwa kwenda polepole, ukizidisha kina ndo inabidi ukitoe kichwa uanze upya.

Kabla ya kukalisha hakikisheni mdomo wa ganda umekwanguliwa ndani, hasa vichwa vya kitako bapa, la sivyo unaona uzi mwembamba wa shaba umechunwa ubavuni na kichwa kinakaa upande.

Kupima. Kitabu kinakupa urefu wote, .308 Winchester mwisho wake ni inchi 2.810, hiyo namba ipo ili risasi ienee kwenye magazini na chemba ya bunduki yoyote ya .308. Ila nikipima hizi tano kutoka boksi moja, za ncha laini ya madini ya risasi, kalipa, hiki kipimio cha urefu, inanipa namba tano tofauti, na watu hapo wanaanza kuzungusha stemu kwa hasira. Iacheni. Ncha ndo hazilingani, na stemu haisukumi ncha, inasukuma chini yake pale kichwa kinapoanza kunenepa. Nikifunga komparata, kidude chenye tundu kinachokamata kichwa pale kinaponenepa, kwenye kalipa nikapima kutoka kitakoni mpaka pale, ona, zinakaribiana sana. So urefu wa kitabu ni wa kuhakikisha hujapita mpaka, komparata ni ya kulinganisha moja na nyingine.

Na hiki, pitisheni mkono kwa mkono. Mnaona duara limejichora kwenye kichwa? Hiki ni kirefu chembamba, aina ya VLD, na stemu iliyotumika ni ya vichwa vifupi, ukingo wake ndo umeuma. Ukiona hivyo nunua stemu ya umbo lake, watengenezaji wengi wanaziuza peke yake, huna haja ya dai mpya.

Kuna kaka kauliza kuhusu krimpu, vizuri. Raifo ya bolti kwa kawaida haihitaji, shingo inashika yenyewe. .30-30 yenye magazini ya bomba inahitaji, maana risasi zinasukumana kwa springi na kichwa kinaweza kuzama, tena ziwe za ncha bapa kwa sababu kila ncha inalala juu ya praima ya mwenzake. Rivolva ya .357 ni krimpu ya kukunja kwenye mfereji wa kichwa. 9mm ganda linasimama chemba kwa mdomo wake, huwezi kuukunja, ni krimpu ya kubana wima tu, na kidogo. Maliza kwanza kina, pandisha stemu, kisha shusha mwili mpaka krimpu itokee, funga nati, halafu rudisha stemu iguse kichwa. Usichanganye hatua.

Na dada uliyesema una 9mm, wewe nakusisitizia zaidi. Ganda lile ni dogo, kichwa kikizama zaidi ya kitabu nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda kwa kasi, inaweza kupasua bunduki mkononi. Kwa raifo hatari nyingine iko upande wa pili, kichwa kikikaa nje sana mpaka kimebanwa na mifereji ya mtutu presha inapanda pia. Ukiiona risasi ni fupi au ndefu kuliko zenzake, hiyo haiendi shamba, weka pembeni uje uivunje.

Risasi ya mfano msiitupe. Toboa ganda ubavuni kwa drili ili ijulikane haina kitu ndani, andika kichwa gani na kina gani, msimu ujao unaiingiza kwenye presi, unashusha stemu mpaka iguse, umeshakaribia, unabaki kupima na kurekebisha kidogo. Ukibadilisha aina ya kichwa tengeneza nyingine. Haya, nani anakuja kuanza?