Mvuke Uko Olkaria, Mafuta Yako Kwenye Tokeni

Wafanyabiashara wenzangu wa Kisumu, hamjambo. Naona mafundi wa kuchomelea wameacha kazi ili waje hapa, kwa hiyo sitazunguka.

Toa simu, fungua meseji ya mwisho ya tokeni za stima. Ziache zile tarakimu 20, shuka chini. Kuna bei ya stima yenyewe. Halafu gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, mfumko wa bei, tozo ya umeme vijijini asilimia 5, na VAT asilimia 16. Wewe ulidhani umenunua stima ya mia tano!

Swali ninaloulizwa kila mara: mbona tulipie mafuta na tunaambiwa stima yetu ni ya mvuke wa ardhini? Ni kweli, mtambo wa kwanza Olkaria, kule Naivasha, uliwashwa 1981, na leo mvuke ndio unaotangulia vyanzo vyote nchini. Hapa jirani tuna Sondu Miriu, megawati 60 za maji. Lakini sisi wa magharibi tuko mwisho wa waya. Ikifika saa moja jioni, kila nyumba imewasha taa na pasi, volteji inashuka. Fundi anaijua saa hiyo: elektrodi inanata kwenye chuma, moto haushiki. Ili kuinua volteji, kwa miaka mingi imebidi kuwasha mtambo wa Muhoroni, ule uliohamishwa kutoka Embakasi, Nairobi, mwaka 2016, nao unakunywa mafuta. Bili yake haibaki Muhoroni. Inagawanywa kwa kila yuniti nchini, hata kwa aliye jirani na Olkaria.

Basi mtu akiwaambia dawa ni mitambo zaidi, muulizeni waya uko wapi. Upepo wa Turkana, megawati 310, ulikuwa tayari 2017. Laini ya kilomita 428 hadi Suswa ikakamilika 2018. Kwa huko kuchelewa kwa waya, wenye mitambo ya upepo wakalipwa fidia kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja.

Mikataba nayo, kwa ufupi: mitambo mingi ya kampuni binafsi hulipwa kwa kuwa tayari tu, iwake isiwake, tena kwa fedha za kigeni. Shilingi ikiteleza, tokeni zinapungua.

Gharama ya mafuta huchapishwa kila mwezi katika Gazeti Rasmi la Serikali, someni. EPRA, mamlaka inayodhibiti nishati na petroli, ikiitisha maoni kuhusu bei mpya, nendeni na meseji zenu za miezi sita, mkaulizie laini za magharibi kabla ya kulalamikia bei.

Sasa maswali. Mama wa kinu cha unga, mkono wako uko juu tangu niseme Muhoroni. Karibu.