Kadi ya Picha, LUKU na Friji la Barafu za Ubuyu

ZUHURA: Leo kwenye kipindi tulipanga kuangalia gemu nzito zinaelekea kwenye mfumo gani wa kompyuta: Windows, Mac au Linux. Lakini kwanza Lazaro atueleze kikao.

LAZARO: Aisee, we dada! Juzi natoka zangu kazini Mtumba, nafika Nkuhungu nakuta wapangaji wote wamekaa uani. Mama mwenye nyumba kashika karatasi ya LUKU. Mita ni moja, tunachanga. Ajenda nayo moja: kompyuta ya Lazaro inamaliza umeme.

ZUHURA: Kwani uongo?

LAZARO: Mpangaji wa chumba cha mbele ana friji la barafu za ubuyu, linanguruma usiku na mchana. Halikutajwa!

ZUHURA: Litatajwaje, na mama mwenye nyumba anapelekewa barafu kila jioni?

LAZARO: (anacheka) Basi kumbe rushwa ya ubuyu.

ZUHURA: Ila tuseme ukweli, kaka. Kadi yako ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo, ni RTX 3080, yenyewe tu wati 320. Weka prosesa, weka kioo, ukicheza saa mbili yuniti moja imeondoka. Na kubwa zaidi ya hiyo ndiyo balaa: RTX 3090 ilikuwa wati 350, 4090 ikawa 450, 5090 ya mwaka 2025 imefika 575. Hiyo kadi tu, kompyuta bado!

LAZARO: Pasi je? Mbona inapita wati 1,000?

ZUHURA: Nani anapiga pasi mpaka saa nane usiku? Mwenzako nina Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi. Chipu yake ni wati 15 kwa juu kabisa. Inatumia Linux, na gemu za Windows zinacheza, kwa sababu programu inayoitwa Proton inatafsiri amri za picha za Windows, DirectX, kuwa za Vulkan ambazo Linux inazielewa. Valve, wenye Steam Deck, wameitoa tangu 2018. Mbele ndiko huko.

LAZARO: Haya, nifungulie gemu ya Valorant humo.

ZUHURA: Ahaa, umeanza.

LAZARO: Fungua! Fortnite je? Hazikubali. Programu zao za kuzuia wadanganyifu hazipokei Linux. Sasa mbele gani hiyo, kama gemu wanazocheza vijana wote hazipo?

ZUHURA: Huo ni uamuzi wa wenye gemu. Mashine inaweza.

LAZARO: Mchezaji haulizi nani kaamua. Anabonyeza, inagoma, basi. Angalia Mac. Gemu ya Halo ilitambulishwa jukwaani na Steve Jobs mwenyewe, bosi wa Apple wenye Mac, 1999. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua Bungie, kampuni iliyoitengeneza, gemu ikaenda Xbox, mashine yao ya gemu. 2019 Apple wakaacha kupokea programu zote za biti 32, zile za zamani, gemu za watu kibao zikafa siku hiyo hiyo ya kusasisha.

ZUHURA: Na 2025 gemu nzito ya Cyberpunk 2077 imeingia Mac. Chipu za Apple hazili umeme kama hiyo tanuri yako. Mpaka mama mwenye nyumba angeipitisha.

LAZARO: Angeipitisha kama ingegandisha ubuyu!

ZUHURA: (anacheka) Lakini jibu basi. Wati 575 kwa kadi moja, tunaenda wapi?

LAZARO: Tunaenda kwenye picha nzuri. Gemu nzito ni nzito, dada yangu. Anayetaka kila kitu juu kabisa atalipia umeme. Kioo cha inchi saba hakinipi hiyo raha.

ZUHURA: Mimi nasema nzito ni ile inayochezeka hapa, kwenye mita ya kuchangia.

LAZARO: Hapo sikubali.

ZUHURA: Wala mimi sihami.

(kimya)

LAZARO: Halafu wamenipandishia mchango. Wa mwenye friji uko palepale. Nikasema basi na mimi ninunue friji.

ZUHURA: Uuze nini?

LAZARO: Barafu za zabibu. Dodoma hii, nitakosa mteja?

ZUHURA: Jamani, naoneshwa saa. Yale mambo matano ya kuangalia unaponunua kompyuta ya gemu hatujagusa hata moja.

LAZARO: Soma la kwanza.

ZUHURA: La kwanza lenyewe lina vipengele vinne. Tuache. Nimjibu tu msikilizaji aliyeuliza kama aendelee na Windows 10: Microsoft walisitisha msaada wake tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta itawaka, ila masasisho ya usalama ya kawaida ndiyo basi. Kama haikidhi masharti ya Windows 11, weka Linux.

LAZARO: Asiweke! Muulize kwanza anacheza nini.

ZUHURA: Weka Linux, ndugu yangu.

LAZARO: Kama ni Fortnite usithubutu kuwe—