Yadi Hizi ni za Nani? Kuwapima Wakimbiaji wa Philadelphia Eagles

Mabibi na mabwana, karibuni. Leo nawaomba tukae na timu moja tu ya futiboli ya Marekani, Philadelphia Eagles, na hasa msimu wake wa 2024. Nimeuchagua kwa sababu unatupa kipimo ambacho ni nadra kukipata kwenye mchezo huu.

Tuanze na mwaka uliotangulia. Mwaka 2023 mkimbiaji Saquon Barkley, yaani mchezaji anayepewa mpira akimbie nao, alikuwa timu ya New York Giants. Alikimbia na mpira mara 247 akapata yadi 962, yaani wastani wa yadi 3.9 kwa kila mbio. Mwaka huohuo mkimbiaji mkuu wa Philadelphia alikuwa D'Andre Swift, mbio 229, yadi 1,049, wastani 4.6. Mtu akisoma karatasi tu angesema Swift ndiye bora.

Machi 2024 wote wawili wakahama. Swift akaenda Chicago Bears. Barkley akachukua nafasi yake Philadelphia kwa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 37.75. Sasa tazameni kilichotokea. Swift, miguu ileile, akashuka hadi wastani wa 3.8. Barkley akakimbia mara 345 akapata yadi 2,005, wastani 5.8.

Naomba tusiziruke hizo namba, maana ndani yake mna hoja yangu yote. Swift alipoondoka nyuma ya ukuta wa Philadelphia, yaani wale wachezaji wanaomfungulia mkimbiaji njia kwa kuwazuia walinzi, alipoteza karibu yadi nzima kwa kila mbio. Hiyo yadi, basi, kwa sehemu kubwa haikuwa yake. Ilikuwa ya Lane Johnson, ya Landon Dickerson, ya Jordan Mailata, yule jitu wa Australia aliyetoka kwenye raga, na ya mwalimu wao Jeff Stoutland. Lakini Barkley hakuishia pale Swift alipokuwa akiishia. Alipita kwa zaidi ya yadi moja kwa kila mbio, tena nyuma ya ukuta ambao nguzo yake ya katikati, Jason Kelce, alikuwa amestaafu. Ile ziada ndiyo tunayopaswa kuitafuta tunapompima mkimbiaji.

Inapatikana wapi? Chukueni mechi dhidi ya Los Angeles Rams, Novemba 2024. Barkley alikimbia mara 26 akapata yadi 255. Mbio mbili kati ya hizo zilifika hadi mwisho wa uwanja, moja ya yadi 70, nyingine ya 72. Ziondoeni hizo mbili. Zinabaki mbio 24 na yadi 113, wastani wa 4.7. Hiyo 4.7 inafanana mno na 4.6 ya Swift! Kwenye mbio za kawaida, ukuta unampa kila mkimbiaji riziki inayokaribiana. Tofauti inakuja pale mlinzi wa mwisho anapobaki peke yake mbele yake. Wengi huangushwa hapo, wakarudi na yadi 12 au 15, na watu wakapiga makofi. Barkley anampita. Msimu ule, ukijumlisha na mechi za mtoano, alifunga mara saba kwa mbio za yadi 60 au zaidi.

Kwa hiyo wastani peke yake unadanganya. Mimi nikimpima mkimbiaji naanza na maswali mawili. Anaguswa na adui kwa mara ya kwanza akiwa yadi ngapi mbele? Hilo ni jibu la ukuta. Halafu, baada ya kuguswa, anaongeza ngapi? Hilo ni jibu lake mwenyewe. Yapo mengine pia: kutodondosha mpira, kudaka pasi, na kazi ambayo haimpi mtu sifa yoyote, kusimama mbele ya kwotabeki, yule mrushaji wa pasi, na kumzuia mtu mwenye kilo 120 anayekuja kwa kasi. Kenneth Gainwell, msaidizi wa Barkley, alikimbia yadi 290 tu msimu ule, lakini walimu walimwamini dakika za mwisho za nusu, wakati wa pasi mfululizo. Anayemdharau Gainwell kwa kuangalia yadi hajaitazama timu.

Na kuna jambo ambalo halihesabiki kabisa. Fainali ya Super Bowl, Februari 2025, New Orleans. Barkley alikimbia mara 25 akapata yadi 57. Kwa karatasi, hiyo ndiyo mechi yake mbaya kuliko zote za mtoano. Philadelphia waliwafunga Kansas City Chiefs 40 kwa 22! Chiefs waliingia uwanjani wakiwa wamekusudia kumziba Barkley, na Jalen Hurts, kwotabeki wa Philadelphia, akapata nafasi ya kurusha, akatoka mchezaji bora wa fainali. Mkimbiaji anayewalazimisha walinzi wamfikirie yeye kwanza amefanya kazi hata akiangushwa palepale. Mimi siwezi kuziita zile yadi 57 mchezo mbaya.

Niseme neno kuhusu mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida. Barkley alihitaji yadi 101 ili avunje rekodi ya Eric Dickerson ya yadi 2,105 za kukimbia katika msimu mmoja, iliyodumu tangu 1984. Kocha Nick Sirianni akampumzisha. Watu wengi walikasirika. Naona alifanya sawasawa kabisa, maana mwili nao ni sehemu ya kipimo. Kwa kujumlisha mtoano, Barkley alibeba mpira mara 436 mwaka ule, na kila mara kuna mtu anamgonga.

Machi 2025 Eagles walimwongezea mkataba, wastani wa zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka, wa kwanza kwa mkimbiaji yeyote kufika hapo. Msimu uliofuata yadi zake zikapungua sana. Je, amechoka? Kabla hamjajibu, kumbukeni kwamba Lane Johnson aliumia na kukosa mechi nyingi, na Landon Dickerson alicheza akiwa na maumivu. Ukuta uliyumba, na yeye akawa anaguswa nyuma kabisa, kabla hajapata nafasi ya kuonyesha lolote. Uchovu huenda upo. Ila sitamhukumu kwa yadi ambazo hazikuwa zake tangu mwanzo.

Sasa tuzime taa, tutazame mkanda. Nitaanza na mechi ile ya Rams. Nawaomba mbio kumi za kwanza msimwangalie namba 26 hata kidogo. Mwangalieni namba 65, Johnson, na namba 68, Mailata, na mniambie mlango unafunguka upande gani. Tukirudia mara ya pili ndipo tumtazame Barkley.