Daraja la Kaunti na Mshahara wa Afisa Wake

MWANAISHA: Wasikilizaji wetu, karibuni tena hapa Malindi. Leo tunauliza iwapo ni haki gavana wa kaunti yenye watu 143,920 alipwe sawasawa na gavana wa kaunti yenye watu 1,453,787. Hesabu hizo ni za sensa ya 2019. Ya kwanza ni Lamu, na ya pili ni Kilifi yetu.

ATHMANI: Kwa sasa hulipwa sawa, dada Mwanaisha. Kifungu cha 230 cha Katiba ya 2010 kimeipa Tume ya Mishahara na Marupurupu mamlaka ya kupanga mishahara ya maafisa wa Serikali, nayo Tume imeweka kiwango kimoja kwa magavana wote 47. Wapo wanaotaka kaunti zigawanywe kwa madaraja kulingana na idadi ya watu.

MWANAISHA: Je, wazo hilo limewahi kujaribiwa mahali?

ATHMANI: California, nchini Marekani, ililijaribu tangu zamani. Katiba yao ya 1879 ililiruhusu Bunge kuzipanga kaunti kwa idadi ya watu ili malipo ya maafisa, kama vile sherifu, karani na mweka hazina, yalingane na kazi zao. Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda. Bunge hilo lilikuwa limekatazwa kutunga sheria ya kaunti moja peke yake, lakini kila kaunti ilikuja na ombi lake, kwa hiyo madaraja yakaongezwa hadi yakawa 58, na kaunti zenyewe ni 58! Kwa sensa ya 1950, Los Angeles yenye watu 4,151,687 ilikuwa daraja la kwanza, na Alpine yenye watu 241 ikawa ya mwisho. Kwa jina ilikuwa sheria ya wote, lakini kwa vitendo kila kaunti ilishonewa kanzu yake.

MWANAISHA: Hicho ndicho ninachokihofia, bwana Athmani, kwa sababu daraja likishakuwa na kaunti moja ndani yake, mvutano wa wanasiasa utarudi kwa mlango wa nyuma. Tena idadi ya watu haisemi yote. Mtumishi wa kaunti ya Lamu anayetakiwa Faza au Kizingitini hupanda boti, na bahari ikichafuka husubiri, ilhali mwenzake wa huku Malindi huenda Watamu kwa matatu na kurudi kabla ya adhuhuri.

ATHMANI: Nakubali, ila nauli ya boti si mshahara. Gharama ya safari ilipwe kwa fungu lake, na ugumu wa mazingira uwe na posho yake. Ukivichanganya vyote ndani ya mshahara, hakuna atakayejua mtu analipwa kwa kazi gani.

MWANAISHA: Basi na ukubwa wa kazi tuupime. Lamu ina wadi 10, na Kilifi ina 35. Ukigawanya, mwakilishi wa wadi wa Lamu ana watu wapatao 14,400, na wa Kilifi ana wapatao 41,500, karibu mara tatu.

ATHMANI: Kwa mwakilishi wa wadi, hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa wanaobisha hodi mlangoni pake ni watu wale wale aliohesabiwa. Kwa gavana naiona dhaifu. Bajeti, ukaguzi, hospitali na barabara anavijibu vyote, awe na wadi 10 au 35, na anayezungukwa na wahasibu wachache huenda akafanya mengi kwa mikono yake mwenyewe.

MWANAISHA: Na fedha zitoke wapi? Kanuni za 2015 za usimamizi wa fedha za kaunti haziruhusu mishahara kuzidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti.

ATHMANI: Ndiyo maana, kama madaraja yatakuja, ningependa yawe matatu tu, Tume iyapitie baada ya kila sensa, na yaanze na wawakilishi wa wadi. Magavana wabaki walivyo.

MWANAISHA: Mimi hayo matatu nitayakubali siku nitakapoona kipimo cha bahari kimo ndani yake.