Pigeni Kura, Ila Msikosee

Ndugu zangu, mliowahi kunisikia mnajua ninakoelekea: wakubwa hudai kura ipigwe, kisha huyakataa matokeo. Kwa hiyo wa kuguna wagune sasa. Narudi Palestina, Januari 25, 2006, siku ya uchaguzi wa bunge.

Mwaka mmoja kabla yake, Rais George W. Bush aliapishwa kwa muhula wa pili, na hotuba yake ilikuwa uhuru mtupu: uhuru huku, uhuru kule. Ndani ya Fatah, chama kilichokuwa kikitawala Palestina, walikuwamo waliotaka uchaguzi uahirishwe. Washington ikataka ufanyike. Ukafanyika. Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, alikuwapo, waangalizi wa Umoja wa Ulaya walikuwapo, wakausifu. Hamas, chama cha Kiislamu chenye wapiganaji wake, ikapata viti 74 kati ya 132, Fatah 45.

Sasa hesabu, na msisinzie. Viti 66 viligawanywa kwa orodha za vyama: Hamas 29, Fatah 28. Tofauti ya kiti kimoja! Viti 66 vingine vilikuwa vya majimbo: Hamas 45, Fatah 17. Kwa nini? Watu wa Fatah waliokosa uteuzi waligombea kivyao, wakazigawanya kura za chama chao wenyewe. Hamas ikajipanga. Hakuna aliyeiba sanduku. Chama kilichokuwa kimechokwa kwa ufisadi kilikosa na nidhamu, basi, kikaanguka.

Siku tano baadaye, Marekani, Umoja wa Ulaya, Urusi na Umoja wa Mataifa wakatoa masharti: itambueni Israeli, acheni mapigano, kubalini mikataba ya nyuma. Kufikia Aprili misaada kwa serikali mpya ilikuwa imekatwa, Israeli inashikilia kodi inazowakusanyia Wapalestina, na walimu wanakaa miezi bila mshahara.

Najua, yupo mtu pale nyuma ameshainua kidole: "Mhadhiri, hao walilipua mabasi." Walilipua, na siwatetei. Lakini Hamas hawakugeuka Hamas usiku wa matokeo. Mwaka 1996 waligoma kushiriki. Mwaka 2006 waligombea mchana kweupe, na aliyeshinikiza kura ipigwe alijua wamo. Kama hawafai, wazuie kabla. Hiyo ni hoja, tungebishana nayo. Kanuni za mchezo hazisomwi baada ya filimbi ya mwisho. Waangalizi kila siku wanatuhubiria kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Haya, na mfadhili asiyekubali tumwiteje?

Mwaka uliofuata Hamas na Fatah wakapigana, Gaza ikaenda huku na Ukingo wa Magharibi kule. Bunge jingine halijachaguliwa tangu hapo. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kura sasa ni mtu mzima.

Naoneshwa saa. Sawa, Algeria mbio mbio: Desemba 1991 FIS, chama cha Kiislamu, ilizoa viti 188 vya bunge katika duru ya kwanza tu, Januari jeshi likaifuta duru ya pili, na vita vilivyofuata vikaua watu zaidi ya laki moja. Misri, 2013: jeshi lilimng'oa Morsi, rais aliyechaguliwa, na Marekani ikakwepa kulitamka neno "mapinduzi", maana kwa sheria yao wenyewe neno hilo hukata misaada. Neno moja tu, ndugu zangu, limewakaa kooni!

Chile nilikuwa nimeiandalia kurasa nne. Basi, tuiache. Wewe wa pale nyuma, simama, uliza.